Giok-ian Afungua Skana Bafuni

Wifi yangu Giok-ian ana kosa moja kubwa: hajibu upesi. Ukimgombeza asubuhi, atakujibu mchana, wakati hasira zako zimeshapoa na wewe uko jikoni unaosha vyombo. Nimekaa naye nyumba moja miaka ishirini na sita, kumi na mmoja ya mwisho tukiwa wawili tu, tangu kaka yangu Kheng-hok, mumewe, alipotutoka. Bado sijazoea. Mimi nikiwa na neno nalisema hapo hapo. Yeye akiwa na neno analimung'unya pamoja na ile plamu yake kavu ya chumvi, ndipo anafungua mdomo. Na akifungua, mara nyingi ndiye mwenye haki. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Kazi yake ilikuwa nyuso. Miaka thelathini na moja alikaa chumba cha nyuma cha studio moja ya picha karibu na bandari, hapa hapa Keelung, na penseli iliyochongwa mpaka ikawa kama sindano, akirekebisha nyuso kwenye negativu za filamu. Chunusi ya bibi harusi, unywele uliotoroka, jicho la mtoto lililofumba wakati mbaya, vyote vilipita mikononi mwake. Lakini baka la kuzaliwa hakuligusa, wala kovu la ndui. Watu walimbembeleza, wengine wakamfokea. "Huo si uchafu," alikuwa akiwaambia. "Hiyo ni sura yake." Studio ilipofungwa, mwenyewe aliwaambia wafanyakazi kila mtu achukue kitu kimoja cha ukumbusho. Wenzake wakagombania mapazia na viti vya kifahari. Yeye akachukua skana, lidude zito lililopitwa na wakati, akalipakata kwenye basi mpaka nyumbani.

"Wifi," nikamwambia, "wenzio wamechukua viti, wewe umetuletea jiwe?"

Alinijibu baada ya wiki mbili, tukiwa tunamenya viazi vitamu vya uji. "Hizi skana nyembamba za dukani zinaona kilichogusa kioo tu. Ile inaona hata kilichoinuka kidogo." Mimi nilikuwa nimeshasahau swali.

Akaiweka sebuleni, juu ya meza fupi iliyo mbele ya meza ya mababu, kwa sababu ndiyo meza pekee humu ndani isiyotikisika. Sikupenda, lakini niliiacha. Kwenye meza ya juu kuna majina ya wazee wetu, picha ya baba na mama, picha ya Kheng-hok, na chetezo. Udi ni kazi yangu, maana moshi wake ndio chakula cha marehemu. Nawasha asubuhi saa kumi na mbili na jioni saa kumi na moja, vijiti vitatu, na kwa miaka kumi na mmoja sikuwahi kukosa hata siku moja. Nimewasha nikiwa na homa. Nimewasha kimbunga kikigonga madirisha.

Majirani wakaanza kuleta picha zao. Picha ya babu iliyoliwa na mende, picha ya shangazi aliyekunjwa katikati. Giok-ian anaziskani, anakaa na kompyuta siku mbili tatu, anamrudishia mtu babu yake mzima. Wanamlipa walichonacho: samaki, vichipukizi vya mwanzi, mara moja bata hai ambaye alitutesa wiki nzima.

Sasa siku yenyewe ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Nje mvua. Hapa mvua si habari, habari ni jua. Tumemaliza chakula cha mchana, nasikia hodi. Kufungua mlango, ni Mzee Gan wa chini ya ngazi zetu, mtu wa miaka themanini na moja, mstaafu wa reli aliyekulia kwa ami zake huko Hualien na kurudi Keelung miaka mitatu iliyopita.

"Giok-ian yupo?"

"Yupo. Umemletea nini?"

"Mama yangu," akasema, akatoa kitu mfukoni.

Kilikuwa kigae cha kauri, cha mviringo wa yai, ukubwa wa kiganja, kimebinuka kidogo katikati. Nilikitambua mara moja.

"Mzee Gan! Hicho si cha kwenye kaburi?"

"Ndicho. Ile picha yake ya kwenye jiwe."

"Na unakiingiza humu? Mbele ya meza ya mababu wa watu?"

"Ningekiacha wapi, dada? Ngazini kwenye mvua?"

Kwetu kitu kilichotoka kaburini hakiingii nyumba ya walio hai. Hilo halifundishwi, mtu anazaliwa nalo. Naye alilijua, maana alisimama mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, kama mtoto aliyetumwa kuomba chumvi nyumba yenye mbwa.

Giok-ian akatoka jikoni akifuta mikono. Mzee Gan akamweleza, maneno yakimtoka moja moja. Makaburi ya mlimani yanahamishwa. Wiki iliyopita fundi wa mifupa alimfukua mama yake, akaiosha mifupa, akaianika, akaipanga mtungini. Kesho asubuhi saa tatu, saa ya Nyoka iliyochaguliwa na mpiga ramli, mtungi unaingia kwenye kijumba chake katika jengo la mifupa, na kigae kinaingia pamoja nao. Mlango unafungwa kwa saruji, basi. Fundi anakitaka kigae leo, kabla hajafunga duka saa kumi na mbili.

"Alifariki nikiwa na mwaka mmoja na nusu," akasema. "Nyumba iliungua wakati wa mabomu ya vita na kila kitu ndani. Picha yake ni hii tu duniani. Na hii nayo, tazama mwenyewe."

Tukatazama. Mvua ya miaka karibu themanini ilikuwa imeila. Nywele zilionekana, zimechanwa njia katikati. Kola ya gauni ilionekana. Katikati, mahali pa uso, palikuwa peupe, kama maji ya kuoshea mchele, na nyufa nyembamba nyembamba juu yake.

"Mjukuu wangu amejaribu kwa simu," akasema. "Anapata mng'ao wa taa na mkono wake mwenyewe. Nilipoanza kwenda kaburini ukubwani, uso ulikuwa umeshafutika. Kwa akili zangu mimi sijawahi kumwona mama yangu, Giok-ian. Hata mara moja. Ukishindwa sitakulaumu. Nimesema tu nijaribu kabla mlango haujafungwa."

Giok-ian akakipokea kile kigae kwa mikono miwili. "Ingia, Mzee. Mpishe mama atangulie."

Yaani nilitamani kupasuka. Nikaenda mbele ya meza, nikachukua vile vibao viwili vya mbao, umbo la mwezi mwandamo, vya kuulizia wafu, nikamuuliza kaka yangu: kitu hiki kikae ndani au kitoke? Nikavirusha. Vikaanguka vyote viwili upande bapa juu. Hapo tunasema marehemu anacheka, hajibu ndiyo wala hapana. Nikarusha tena, anacheka. Mara ya tatu, anacheka. Hata alipokuwa hai Kheng-hok alikuwa hivyo hivyo, unamuuliza jambo la maana yeye anakenua meno.

Giok-ian akalaza kigae kifudifudi kwenye kioo cha skana, akakifunika kwa kitambaa cheusi, akabonyeza. Taa ikatembea. Sote watatu tukainamia kompyuta. Picha ikaja: ukungu mtupu. Na juu ya ukungu, mstari mwembamba mweupe, umenyooka kutoka juu hadi chini, umepita pale pale pua inapotakiwa kuwa.

"Haya! Mmeona?" nikasema. "Kajichora mstari mwenyewe. Hataki. Mtu kafa, kalala miaka yote hiyo, mnakwenda kumchungulia usoni?"

Mzee Gan akabadilika rangi. "Hataki nimwone?" Akaniuliza mimi, kama vile mimi ndiye niliyezungumza na mama yake. Akanyoosha mkono kukichukua kigae chake.

Giok-ian akamung'unya plamu. Akakiondoa kigae, akaweka karatasi nyeupe tupu, akabonyeza. Karatasi ikaja kwenye kompyuta na ukungu, na mstari ule ule, mahali pale pale.

"Wifi," akasema, "na karatasi nayo haitaki kuonekana?"

Kwa mara ya kwanza kanijibu papo hapo, tena mbele ya mgeni.

Akawasha tochi, akailaza ubavuni mwa kioo, akaniita nitazame. Juu ya kioo palikuwa safi. Uchafu ulikuwa upande wa ndani: utando wa kijivu wenye mafuta, umetanda kote, na chembe za vumbi zimenasa ndani yake. "Juu nafuta kila siku," akasema. "Ndani sijafungua miaka minne. Picha zenye rangi nzito hazijali. Huyu mama ni hafifu mno, utando unammeza. Nafungua."

"Na ikivunjika?" nikauliza.

"Ikivunjika imevunjika. Mzee, kaa unywe chai."

Alikuwa anasema kirahisi, lakini mimi naijua mikono yake. Alijikata kucha kwanza. Skana ya namna ile haitengenezwi tena, na kule ndani kuna waya mmoja bapa, mwembamba kama utepe wa zawadi, ukikatika hakuna fundi Keelung nzima wa kuuunga. Ndiyo kazi yake yote ya uzeeni, na alikuwa anaiweka rehani kwa ajili ya mwanamke asiyemjua.

Sasa sikilizeni alichofanya. Aliingia bafuni, akafungulia maji ya moto mpaka mvuke ukajaa, akafunga mlango akatoka. "Mvuke ukishuka unashuka na vumbi," akamwambia Mzee Gan aliyekuwa anashangaa. "Bafu ndicho chumba kisafi kuliko vyote kwa nusu saa." Mvuke ulipokwisha, akapangusa sakafu, akavua sweta lake la sufu maana linadondosha nyuzi, akabaki na fulana na mikono mitupu katika baridi ile, mwanamke wa miaka sitini na minane, akaketi kwenye kibao cha kuogea na skana mapajani. Aliichomoa umeme kwanza. Akafunga kile kichwa chenye taa kwa kitasa chake kisitembee. Akabandua vibandiko vinne vya mpira, chini ya kila kimoja skrubu. Tatu zikatoka vizuri. Ya nne kichwa chake kilikuwa kimeshalika, bisibisi inateleza. Mimi ningeipiga nyundo. Yeye akachukua mpira wa kufungia vitunguu, akaulaza juu ya skrubu, akakandamiza bisibisi juu ya mpira, akazungusha polepole huku ameuma midomo. Ikatoka.

Kioo kikainuka na fremu yake. Akakigeuza kama anayegeuza kitumbua. Matone mawili ya sabuni ya vyombo kwenye maji yaliyochemshwa, kitambaa laini kimekamuliwa kikavu, si kulowesha. Kisha maji matupu. Kisha spiriti ya duka la dawa, kidogo kwenye kitambaa, kamwe si kwenye kioo. Kisha kitambaa kikavu cha kufutia miwani, kutoka juu kwenda chini, kutoka juu kwenda chini. Vioo vidogo vya kujitazamia kule ndani hakuvigusa kabisa, alivipuliza tu kwa kile kipulizio cha mpira cha kusafishia masikio ya watoto.

Kitambaa cha kwanza kilipotoka kilikuwa na rangi ya chai. Akakileta mpaka puani kwangu.

"Nusa."

Nikanusa. Msandali. Udi wangu mimi, mara mbili kwa siku, miaka yote ile, ulikuwa umepenya kwenye nyufa na kwenda kulala chini ya kioo chake.

"Kaka yako anakula vizuri," akasema, akarudi kazini.

Alikuwa anajua. Nina hakika alikuwa anajua miaka mingi na hakusema, maana angesema mimi ningeuhamisha udi au ningelia, na yeye hakutaka kimojawapo. Niliona aibu mpaka masikio yakanichoma. Na mimi aibu ikinishika nafanya ujinga. Nikawaza: moshi wa mababu umo ndani ya mashine, na kitu cha kaburini kimelazwa juu yake, hapa lazima mtu aombe radhi. Nikawasha vijiti vitatu, nikaenda mpaka mlango wa bafu. Giok-ian alikuwa amenipa mgongo, anasuuza kitambaa kwenye beseni. Fremu ya kioo ameilaza juu ya taulo, ndani yake kunatazama juu. Nikainama mara ya kwanza. Nikainama mara ya pili. Mara ya tatu jivu likakatika.

Nililiona likianguka. Likatua kwenye ule utepe mweupe ulio ukingoni, ndani ya fremu, ule ambao skana huutazama kwanza ili ijue nyeupe ni ipi. Likavunjika vipande viwili. Nikafungua mdomo, mimi nisiyekosa neno, neno likakataa kutoka. Giok-ian akageuka, akapitisha tochi kwenye kioo, hakuutazama utepe maana alishausafisha, akafunika, akakaza skrubu. Nami nikarudisha udi kwenye chetezo, nikasimama pale kama nguzo.

Saa kumi na moja kasorobo. Kigae kikawekwa tena. Taa ikatembea. Picha ikaja, na ukungu haukuwepo! Palikuwa na paji la uso. Palikuwa na kivuli cha nyusi. Na katikati, mstari. Safari hii mweusi, mnene kuliko wa kwanza, umekata jicho la kushoto mpaka kidevuni.

Mzee Gan akaweka kikombe chake mezani taratibu sana.

"Basi," akasema. "Mara ya kwanza vumbi, sawa. Mara ya pili ni yeye. Nimeelewa." Akasimama, akaanza kuvaa koti, na vifungo vikawa vinamshinda. "Labda ana hasira. Sikumzika mimi, sikumlilia, sikujua hata kumlilia. Asante, Giok-ian. Mmenitendea wema."

Giok-ian alikuwa amekodolea kompyuta, hajui amekosea wapi, na nilimwona anaanza kujilaumu. Miaka ishirini na sita sijawahi kumwona vile. Hapo nikashindwa.

"Ni mimi!" nikasema. "Mzee Gan, kaa chini, mama yako hana hasira na mtu. Ni jivu langu. Limedondoka kwenye ule utepe mweupe, nimeliona, nimenyamaza. Nipigeni."

Wote wawili wakanitazama. Giok-ian akatoa mbegu ya plamu mdomoni, akaiweka kwenye kisahani.

"Umeingia na udi," akasema, "kwenye bafu. Ambako nimefukuza vumbi. Kwa nusu saa."

"Nilikuwa naomba radhi."

"Umeomba?"

"Mara mbili na nusu."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza. Mzee Gan naye, masikini, akiwa bado na koti nusu mwilini, akacheka huku machozi yanamtoka. Kisha Giok-ian akafuta macho akasema, "Vua sweta, wifi. Unakuja kushika tochi."

Tukarudi bafuni, tukamwaga maji ya moto upya, tukangoja. Saa yangu ya ukutani ikagonga kumi na moja, saa ya udi. Nilikuwa nimekaa kwenye sakafu ya bafu, na fulana, meno yanagongana, tochi mkononi, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja kaka yangu hakupata moshi wake kwa wakati. Nikasema moyoni, Kheng-hok, ngoja, mkeo ana kazi. Mpira wa vitunguu, skrubu ya nne, pumzi tumezibana. Ilipofika kwenye utepe mweupe hakufuta. Angefuta, jivu lingepakazika na kuingia. Alipuliza, akaupitishia brashi ya rangi kavu, nywele laini, akapuliza tena, akaniambia nishushe tochi, nipandishe, nishushe. Akaona chembe moja ambayo mimi hata kwa kuoneshwa sikuiona. Akaifuata na ncha ya brashi mpaka ikatoka. Mikono haikumtetemeka, na ilikuwa imeshakuwa ya bluu kwa baridi. Nimemgombeza mwanamke huyu kwa mambo mengi maishani mwangu, na pale sakafuni nilimheshimu kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Saa kumi na moja na dakika ishirini na tano, kigae kikalala kwenye kioo kwa mara ya tatu. Akaskani mara nne, kila mara akikigeuza robo, ili nyufa zidake mwanga upande tofauti. Akaweka picha zote nne moja juu ya nyingine kwenye kompyuta, akazifuta nyufa, akaanza kuvuta kivuli, polepole, kidole kimoja kwenye kitufe. Hakuchora kitu. Hilo naapa, nilikuwa nimesimama nyuma yake. Kila alichokitoa kilikuwa kimo mle.

Nyusi zikaja. Macho yakaja, yametoka kidogo, ya mtu aliyeambiwa na mpiga picha asipepese. Pua fupi. Midomo imebanwa, upande mmoja umejikunja, kicheko kimezuiwa pale kwa nguvu. Kidoa cheusi chini ya sikio.

Mzee Gan alisogea mpaka pumzi yake ikatia mvuke kwenye kompyuta. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Mbona ni mtoto?" akasema.

Giok-ian akageuza kiti kumtazama.

"Giok-ian, huyu ni mtoto."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Ishirini. Nilijua ni ishirini, imeandikwa kwenye jiwe. Lakini..." Akagusa ukingo wa kompyuta kwa kidole. "Mjukuu wangu anamzidi. Na mimi kila mwaka, siku ya kufagia makaburi, nilipokuwa kule nikipanda treni kutoka Hualien, napiga magoti pale mlimani, namwomba. Mama, nilinde. Mama, mwanangu anafanyiwa operesheni, simama naye. Mama, mke wangu anaumwa. Nilikuwa namwona mtu mzima, mama mkubwa mwenye mikono mizito. Nimemtwisha yote hayo huyu?"

Mimi, na mdomo wangu huu, nikaona nimsaidie. "Wifi anaweza kumwongezea miaka kidogo," nikasema. "Watu wengi wanaomba hivyo, mama asionekane mdogo ukutani kuliko wanawe. Wifi hapendi, ila kwa leo..."

"Msimguse," akasema Mzee Gan.

Giok-ian hakunitazama hata. Akabonyeza kitufe, printa ikaanza kunguruma, picha ikatoka ikiwa na kidoa chake chini ya sikio. Mzee Gan akaipokea, akaitia kwenye bahasha, akaiweka kifuani ndani ya shati. Kisha akakiinua kigae kutoka kwenye kioo, akashtuka.

"Kina joto."

"Ni taa ya skana," akasema Giok-ian.

Lakini Mzee Gan alikuwa ameshakikumbatia kwa viganja vyote viwili. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na tano duka la fundi lifungwe. Akavua koti lake, akakifunga kigae ndani yake, mkunjo juu ya mkunjo. Nikamwambia atapata baridi, hakusikia. Nikamtilia mwavuli mkononi, nikamfungulia mlango. Mvua ilikuwa inamwagika. Akaufungua mwavuli, akauinamisha wote juu ya kile kifurushi kifuani, mgongo wake na kichwa vikabaki nje vinalowa, akaanza kushuka ngazi. Alishuka polepole mno, na tulimsikia akisema na mama yake.

"Taratibu, hapa pana ngazi. Usiogope, nimekushika."